NJIA YA RELI NI POLITIKI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na watu wa mji, Sandoa

Tunachapa hapa maneno haya yote, kwa sababu wengi waliokuwa mkutanoni waliomba kuyasoma tena polepole nyumbani. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.



Leo sitasema juu ya viti vya wakubwa. Nitasema juu ya reli. Najua mtu mmoja atauliza: reli ni chuma, mbao na mawe, ni kazi ya mainjinia, politiki inaingia wapi? Nami ninamjibu hivi. Injinia anajua namna ya kupitisha reli juu ya mto. Lakini mto gani uvukwe, mji gani upitiwe na mji gani uachwe, nani alipe, nani apande na nani asimame kando ya njia akitazama tu, hayo injinia haulizwi. Hayo huamuliwa na wenye serikali. Ukitaka kujua inchi inatawaliwaje, fuata reli yake uone inaanza wapi na inaishia wapi.

Tuanze na hapa tulipo. Sandoa iko kando ya mto Lulua. Reli inapita kusini kwetu: inatoka Tenke, inapita Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji na Dilolo, halafu inaingia Angola. Haikuja hapa. Haikuja Kapanga wala Musumba, kwa Mwant Yav. Lakini wazee wanajua kwamba zamani, kabla ya Mzungu kutawala, misafara ya biashara kutoka upande wa bahari ya Angola ilikuja mpaka Musumba. Mbona misafara ilikuja na reli haikuja? Kwa sababu wakati ule mamlaka yalikuwa Musumba, na njia hufuata mamlaka. Reli ilipojengwa, mamlaka yalikuwa Brussels, Lisbon na London, na macho yao yalitazama shaba tu. Reli ikafuata macho yao.

RELI YA BULA MATARI

Tazameni miaka. Tarehe 28 Novemba 1902, serikali ya Ureno ilimpa Mwingereza Robert Williams ruhusa ya kujenga reli kutoka Lobito na kuishika kwa miaka 99. Katika majuma machache ya mwaka 1906 zikaundwa kampuni tatu: Union Minière, Forminière, na BCK ya reli. Kampuni ya kuchimba na kampuni ya kubeba zilizaliwa karibu siku moja, kama mapacha. Mwaka 1910 reli ikafika Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, ikitoka kusini. Mwaka 1918 ikafika Bukama. Mwaka 1928 ikafika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui. Mwaka 1931 kipande cha Tenke mpaka Dilolo kikaungana na reli ya Lobito.

Wengine wakisikia miaka hiyo wanasema: Wabelgiji walikuwa na nguvu, walijenga upesi. Ndiyo, walijenga upesi. Lakini tuulize upesi ule ulitoka wapi. Hakuna kijiji kilichoulizwa. Hakuna mwenye shamba aliyeweza kwenda mahakamani. Hakuna mfanyakazi aliyeweza kukataa mshahara. Kwenye reli ya Matadi mpaka Kinshasa, iliyojengwa kutoka 1890 mpaka 1898, kilometa 366, hesabu ya kampuni yenyewe ilitaja watu weusi 1,800 na wazungu 132 waliokufa. Ng'ambo ya mto, Wafaransa walijenga reli ya Brazzaville mpaka Pointe-Noire kutoka 1921 mpaka 1934 kwa kazi ya lazima, na waliokufa ni maelfu kwa maelfu. Anayesifu upesi wa serikali isiyouliza mtu ahesabu kwanza makaburi.

Tena, wandugu, serikali ile haikujenga kwa akili ya faida peke yake kama wanavyotuambia. Shaba ya Lubumbashi ikienda Lobito, njia ni kama kilometa 2,100, na yote ni reli. Ikienda Matadi kwa ile iliyoitwa njia ya kitaifa, ni zaidi ya kilometa 2,700: reli mpaka Ilebo, hapo mizigo inashushwa na kupakiwa kwenye meli ya mto, inafika Kinshasa inashushwa tena, inapandishwa reli tena mpaka Matadi. Njia ndefu, tena mizigo inashikwa mara nyingi. Lakini serikali ya Ubelgiji ilipanga bei ya usafiri ili shaba nyingi ipite njia hiyo ndefu, kwa sababu ilikuwa ndani ya koloni lake na haikutaka mali yake ishikwe na bandari ya Mreno. Mnaona? Hata kwa mkoloni, politiki ilishinda kilometa.

Wala hatusemi kwamba kazi yao ilikuwa mbaya kwa ufundi. Mwaka 1952 kipande cha Likasi mpaka Tenke kiliendeshwa kwa umeme wa volti 25,000, wakati inchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinajaribu umeme wa namna hiyo. Ufundi ulikuwa wa juu. Lakini katika treni hiyo ya umeme mtu mweusi alikuwa na behewa lake la mbao na mzungu alikuwa na lake la matandiko. Chuma kilikuwa cha kesho, na watu wakapangwa kwa desturi ya jana.

BAADA YA 1960

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, na vita vikaja. Njia ya kwenda Ilebo ikakatika kaskazini, na shaba ikatoka kwa Lobito na kwa Rhodesia. Ile njia ambayo Mbelgiji aliitunza kwa nguvu zake zote ikafungwa na mpaka mpya wa politiki. Kujitenga kukaisha Januari 1963, lakini fundisho likabaki: reli ndefu inataka amani ndefu.

Mwaka 1965 Mobutu akatwaa mamlaka. Kisha chama kikawa kimoja. BCK ikageuka KDL, na mwaka 1974 kampuni zote za reli zikaunganishwa kuwa moja ya taifa, SNCZ. Watu walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi: reli sasa ni yetu. Lakini mali kuwa ya taifa ni jambo moja, na taifa kuweza kuiuliza habari zake ni jambo lingine. Nani angesimama mbele ya mkubwa wa chama amuulize: mafuta ya gari la moshi yamekwenda wapi? Vipuri vimekwenda wapi? Aliyeuliza alijua pa kulala usiku ule.

Agosti 1975 vita vya Angola vikafunga njia ya Lobito. Wazee wa Kisenge wako hapa, wanaweza kusimulia kuliko mimi. Manganese ilichimbwa, ikalundikwa chini, haikuwa na njia ya kutoka. Kambi iliyokuwa na shule, hospitali na mpira wa Jumapili ikaanza kufa bila bomu moja kuanguka juu yake. Serikali yetu ya wakati ule nayo ilijitia katika vita vile vya Angola, na mfanyakazi wa Kisenge ndiye aliyelipa.

Na serikali ile ya chama kimoja ilijenga nini? Ilijenga vitu vikubwa. Kutoka 1973 mpaka 1982 ilijenga waya wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700. Waya ulipita juu ya vijiji na vijiji, na chini yake watu waliendelea kuwasha koroboi. Kwa nini umeme uletwe kutoka mbali hivyo, wakati Katanga ilikuwa na mito yake na mitambo yake? Watu wengi waliona sababu wazi: mkono ulioko Kinshasa ulitaka kushika swichi ya migodi ya Kolwezi. Mwaka 1983 likafunguliwa daraja kubwa la Matadi, lililojengwa na Wajapani, lenye nafasi ya magari na nafasi ya reli. Magari yanapita. Reli haikutandikwa hata siku moja. Na reli ya kutoka Ilebo mpaka Kinshasa, ambayo ingeondoa ile taabu ya kushusha na kupakia, imeandikwa katika mipango tangu wakati wa Mbelgiji. Mpaka leo mizigo inangoja meli.

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Serikali ya mtu mmoja hupenda kuzaa. Siku ya kufungua kuna ngoma, vitambaa, picha na hotuba. Kubadili mbao zilizooza chini ya reli, kati ya Mutshatsha na Kasaji, mahali ambapo hakuna mpiga picha, kazi hiyo haina ngoma. Basi haifanywi. Na wahenga walisema tena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa kwa miaka 30, na sasa tunaambiwa tukope kujenga ukuta wote.

Jambo moja lingine nalitaja kwa uchungu, kwa sababu aliye mkweli hafichi. Mwaka 1992 na 1993, wakubwa wa politiki walipochochea watu wafukuze majirani wao wenye asili ya Kasai, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walilala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi, miezi na miezi, wakingoja treni ya kuwapeleka inchi ambayo wengine hawakuizaliwa. Wengi walifia pale kituoni na njiani. Reli iliyowaleta baba zao kufanya kazi migodini ndiyo ikawaondoa. Chuma hakina dhambi. Lakini chuma kinatumikia anayekishika, na ndiyo maana tunasema kishikwe na watu wote, si kabila moja, si kundi moja.

TUTAZAME MAJIRANI

Sasa mtu atasema: basi ni jambo rahisi, chama kimoja ni kibaya, vyama vingi ni vizuri, twende nyumbani. Hapana, wandugu. Jambo si rahisi hivyo, nami sitaki kuwadanganya.

Tazameni reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilometa 1,860. Zambia ilikuwa imefungwa na walowezi wa Rhodesia, waliojitangazia uhuru wao Novemba 1965. Wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli hiyo haina faida. Nyerere na Kaunda wakaenda kwa Wachina, wakapewa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza 1970, na mwaka 1975 njia ilikuwa imefika mwisho. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi ile, pamoja na Waafrika. Tanzania na Zambia zilikuwa na chama kimoja kila moja. Mbona wao walijenga, na daraja la Matadi likabaki bila reli?

Mimi naona sababu mbili. Kwanza, kusudi lilikuwa la wananchi wenyewe na walilijua: kutoa shaba bila kupiga magoti kwa mlowezi. Pili, wakubwa waliosimamia waliogopa kula mali ya kazi ile, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inaitazama. Lakini hata TAZARA, iliyozaliwa vizuri, ililelewa vibaya. Vichwa vya treni vikapungua, mizigo ikakimbilia kamyo. Kulea kulishinda wengi.

Tazameni sasa Lagos, mji mkubwa wa Nigeria. Gavana Jakande, aliyechaguliwa na watu, alianzisha treni ya mjini mwaka 1983. Mwisho wa mwaka ule askari wakatwaa serikali. Mwaka 1985 utawala wa Buhari ukaifuta kazi, na fedha zilizokwisha kulipwa zikapotea. Watu wa Lagos wakaendelea kubanana ndani ya basi ndogo. Treni ya kwanza ya mjini ilibeba abiria Septemba 2023. Hesabuni: kutoka 1983 mpaka 2023 ni miaka 40. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuanza alipanda treni akiwa na ndevu. Ndiyo gharama ya serikali inayofuta kila kilichofanywa na serikali iliyotangulia, kizuri pamoja na kibaya.

Tazameni Kenya. Kuna vyama vingi, kuna uchaguzi, kuna mahakama zinazoweza kumwambia mkubwa hapana. Walijenga reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi kwa mkopo mkubwa wa Wachina. Kazi ilianza 2014, na treni ya abiria ikafunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Uchaguzi ulikuwa Agosti mwaka ule ule. Ninyi mnajua kuhesabu. Abiria walifurahi, na kweli safari ikawa nzuri. Lakini mikataba ilifichwa miaka mingi, watu wakagombana mahakamani juu ya namna kazi ilivyotolewa, na reli ikafika Naivasha mwaka 2019 ikasimama, Uganda bado mbali. Basi uchaguzi nao una ugonjwa wake: mtawala anataka kukata utepe kabla ya kura, na deni anawaachia watakaokuja.

Tazameni Tanzania. Reli yao mpya ya umeme ilianza kujengwa 2017 wakati wa Rais Magufuli. Alifariki Machi 2021. Mama Samia alipoingia hakufuta kazi, aliiendeleza. Mwaka 2024 treni ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Sisemi kila kitu kwao ni kizuri, hata kidogo. Nasema jambo moja: kazi ilikuwa ya inchi, haikuwa ya mtu, na mtu alipoondoka kazi ikabaki.

Basi tumejifunza nini? Kwamba jina la utawala halitoshi. Lazima uulize maswali matano. Nani aliamua njia ipite wapi? Mkataba unasomwa na nani? Serikali ikibadilika, kazi inaendelea au inafutwa? Fedha ya kulea reli inatoka wapi kila mwaka? Na nani anapanda? Serikali inayoweza kujibu maswali hayo mbele ya watu, huyo ni mjenzi. Isiyoweza kujibu, hata ikiwa na vyama 100, inajenga njia ya wezi.

NA LEO?

Leo, wandugu, wakubwa wa dunia wameikumbuka tena njia yetu. Wachina waliijenga upya reli ya Angola kuanzia 2006, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau, mpakani na Dilolo, kuifungua. Machi 2018 madini ya Kongo yalifika tena bandari ya Lobito. Mwaka 2022 Angola iliwapa kampuni tatu za kigeni, zikiungana, kuendesha reli hiyo kwa miaka 30. Desemba 2024 Rais wa Marekani, Biden, alikwenda mwenyewe mpaka Lobito. Tangu lini rais wa Marekani anasafiri kutazama stesheni ya Angola? Anatafuta shaba na kobalti yetu, kama Robert Williams alivyotafuta mwaka 1902. Safari hii Mmarekani na Mchina wanashindana, na sisi tuko katikati.

Mimi siwachukii wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji apone kweli! Upande wa Angola reli imejengwa upya. Upande wetu, kutoka Dilolo mpaka Kolwezi, reli ni ile ile ya BCK, imechakaa, treni inakwenda kwa mwendo wa mzee mwenye fimbo. Kwa hiyo kamyo zimejaa barabarani kuelekea Kasumbalesa, usiku na mchana, na vumbi lake mnalijua ninyi wa Kolwezi mnaolila pamoja na bukari.

Tena tumekwisha kuahidiwa mara nyingi. Mwaka 2008 serikali yetu ilipatana na kampuni za Kichina: wao wachukue shaba na kobalti ya Kolwezi kwa kampuni ya Sicomines, sisi tupate barabara, reli na hospitali. Kwanza hesabu ya mkataba ilikuwa dola bilioni 9, halafu ikashushwa kuwa bilioni 6, na nusu yake ndiyo ilikuwa ya kazi za watu. Februari 2023, wakaguzi wa fedha wa serikali yetu wenyewe, IGF, walisema kazi zilizofanywa kwa wananchi ni za dola milioni 822 tu. Miaka 15! Mwaka 2024 mkataba ukapatanwa upya. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari lipo, lakini lilifungiwa kabatini na ufunguo akapewa anayekula.

Sasa nisemeni neno la mwisho juu ya abiria, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Mwezi wa Machi 2022, karibu na kijiji cha Buyofwe, Lubudi, katika jimbo letu hili la Lualaba, treni ya mizigo ilianguka bondeni. Watu 75 walikufa. Watu hao walikuwa wanafanya nini kwenye treni ya mizigo? Walikuwa wanasafiri! Hawakuwa na treni ya watu, hawakuwa na barabara nzuri, wakapanda juu ya behewa kama gunia la makala. Halafu waliitwa abiria wa siri, kama kwamba kosa ni lao. Wandugu, katika inchi ambayo shaba ina tiketi na mtu hana, nani amejificha? Aliyejificha ni yule aliyepaswa kuwawekea behewa.

Wako watu watasema: ngojeni, shaba itoke kwanza, abiria watafuata. Maneno hayo tuliyasikia mwaka 1910, tukayasikia 1974, tukayasikia 2008. Wengine watasema: tunahitaji mkono wa chuma, majadiliano yanachelewesha kazi. Nimewaonyesha mkono wa chuma ulipojenga ulijenga nini. Majadiliano yanachelewesha mwezi, labda mwaka. Wizi unachelewesha kizazi.

TUNAYODAI

Tunadai mambo haya, na kila mmoja ayashike kichwani:

1. Kila mkataba wa reli ya Dilolo, Kolwezi na Tenke uchapwe wote, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa sahihi, usomwe katika bunge la jimbo Kolwezi na katika mikutano ya wilaya zinazopitiwa.

2. Mkataba utaje treni ya abiria: siku zake, vituo vyake, na nauli ambayo mfanyakazi na mama wa soko wanaweza kulipa. Kampuni isiyotaka watu isipewe njia ya watu.

3. Barabara ya Kasaji, Sandoa mpaka Kapanga ihesabiwe kuwa mkono wa reli. Mihogo, mahindi na karanga zetu zifike kituoni hata wakati wa mvua, kwa kamyo, zisisukumwe kwa kinga siku tatu katika matope. Reli isiyo na barabara ni mto usio na gati.

4. Katika fedha ya kila tani inayopita, sehemu iwekwe katika sanduku la kulea reli, na hesabu yake itangazwe kila mwaka ukutani kwa kila kituo.

5. Wafanyakazi wa reli walipwe kwa mwezi. Mtu aliyengoja mshahara wake miezi mingi hawezi kulinda maisha ya abiria mia.

6. Mwenye nyumba au shamba litakalopitiwa alipwe kwanza, ndipo tinga liingie.

7. Serikali itakayokuja baada ya hii isivunje kazi njema kwa sababu tu haikuianza. Wabunge wa jimbo waape hivyo mbele yetu.

Je, hayo ni mengi? Mimi nasema ni machache. Katika mambo saba hayo hakuna hata moja linaloomba zawadi. Shaba ni yetu, jasho ni letu, na waliolala chini ya mataruma ya reli ile ni babu zetu.

Ninyi wafanyakazi wa migodi, muwe wa kwanza. Kampuni inawasikia ninyi kuliko inavyomsikia mkulima, kwa sababu mkisimama ninyi, behewa linasimama. Basi mnapodai mshahara, dai pamoja na behewa la ndugu yako. Ninyi watu wa mji, wenye duka, walimu, makarani, andikeni madai haya kwa mkono, yatiwe sahihi, yapelekwe kwa wabunge wetu Kolwezi, na mtunze nakala. Chagueni watu wawili katika kila mtaa, mmoja mwanamke na mmoja mwanaume, wafuatilie jibu na waje kulisoma hapa hadharani. Jibu lisipokuja, nalo lisomwe: someni kwamba hakuna jibu, tarehe fulani, mbunge fulani. Hilo peke yake litawaamsha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, wengi walidhani ni siku moja ya ngoma. Sasa tunajua ni kazi ya kila siku, kama kuziba ufa. Mkoloni alijenga reli bila kutuuliza. Waliomfuata waliiacha ioze bila kutuuliza. Ikijengwa mara hii ya tatu bila kutuuliza, kosa litakuwa la nani?

Umoja, wandugu. Na kazi.